Wengi Wape, Lakini Wasichukue Vyote

Wahenga walituachia neno fupi lenye nguvu: wengi wape. Neno hilo limeendesha mabaraza ya wazee, vyama vya ushirika, kamati za misikiti na za makanisa, na hata vikao vya harusi. Wengi wakisema ndiyo, wachache hunyamaza na shughuli huendelea. Pasipo kanuni hiyo hakuna kikao ambacho kingekwisha kabla ya usiku wa manane.

Lakini wiki hii nataka tujiulize swali ambalo neno hilo halilijibu. Wengi wape nini? Wakipewa uamuzi, wamepewa na mali pia? Tuseme watu kumi tumechanga fedha kuanzisha biashara, kisha sita kati yetu wakakaa na kuamua kwamba faida yote ni yao. Je, huo nao ni uamuzi wa wengi, ambao sisi wanne tunapaswa kuuheshimu?

Swali hilo ndilo kiini cha historia ndefu ya haki za wenye hisa katika makampuni. Naileta historia hiyo leo kwa sababu jambo lililokuwa la matajiri wachache sasa limeingia majumbani mwetu. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwezi Aprili 1998, kampuni ya kwanza ikiwa ni ile ya gesi ya oksijeni, TOL, na mwaka huohuo ikafuata Kampuni ya Bia. Mwaka 2008 mamia ya maelfu ya Wakenya walipanga foleni kununua hisa za Safaricom kwa shilingi tano kila moja. Mwaka 2017 Watanzania wakauziwa hisa za Vodacom. Mwalimu, muuguzi, mkulima wa chai na mjane aliyerithi wote wana vyeti vya hisa. Wanajua bei waliyonunulia. Ni wachache wanaojua walichonunua.

Basi tuanzie hapo. Tukinunua hisa husema tumenunua kipande cha kampuni, na tukipita mbele ya jengo lake tunaliona kama letu. Kisheria sivyo. Kampuni ikishaandikishwa huwa ni mtu mbali, mwenye jina lake, mali yake na madeni yake. Aliyelijua jambo hilo kwa uchungu ni Bwana Macaura wa kaskazini mwa Ireland. Alikuwa na shamba kubwa la miti. Mbao zake aliiuzia kampuni, akalipwa kwa hisa 42,000, hata ikawa hisa zote ni zake yeye au za watu waliozishika kwa niaba yake. Kisha akazikatia mbao hizo bima kwa jina lake mwenyewe. Mwezi Februari 1922 moto ukaziteketeza. Wenye bima wakakataa kulipa, na mwaka 1925 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, yaani Baraza la Malodi, ikakubaliana nao. Mbao zilikuwa mali ya kampuni. Bwana Macaura, mwenye hisa zote, hakuwa na hata ubao mmoja.

Sasa kama hisa si kipande cha mali, ni nini? Ni fungu la haki. Ni haki ya kuitwa mkutanoni na kupiga kura. Ni haki ya kupata gawio likishatangazwa. Ni haki ya kuletewa hesabu za mwaka. Ni haki ya kupata sehemu ya masalio kampuni ikivunjwa, baada ya wadai wote kulipwa. Tena ni kinga: kampuni ikizama katika madeni, mwenye hisa aliyekwisha kulipia hisa zake hadaiwi zaidi. Nyumba yake haiguswi.

Fungu hilo ni zuri, lakini lina tundu. Ikiwa kampuni ni mtu mbali, na wakurugenzi wakamwibia mtu huyo, nani alalamike? Aliyeibiwa ni kampuni. Kampuni haina mdomo. Mdomo wake ni wakurugenzi. Na wakurugenzi ndio wanaotuhumiwa. Mwizi ndiye mwenye funguo za kituo cha polisi.

Tundu hilo lilionekana wazi katika mji wa Manchester, Uingereza, yapata karne mbili sasa. Mji ule ulikuwa umejaa viwanda vya nguo na moshi, na matajiri wake walitafuta mahali pa kukaa penye hewa safi. Mwaka 1835 ikaundwa kampuni ya Victoria Park kwa ajili ya kununua ekari 180 za ardhi, kuizungushia ua, kupanda miti na kujenga nyumba za fahari. Mwaka 1837 Bunge likaitambua kampuni hiyo kwa sheria maalumu. Eneo hilo lipo mpaka leo na jina lake ni lilelile.

Miaka michache baadaye mambo yakaharibika. Wenye hisa wawili, Richard Foss na Edward Turton, wakaenda mahakamani wakiwashitaki wakurugenzi watano, akiwamo Thomas Harbottle, pamoja na wengine waliohusika. Walidai kwamba wakurugenzi waliiuzia kampuni ardhi yao wenyewe kwa bei ya kujinufaisha, wakatumia mali yake vibaya, na wakaiweka rehani kinyume cha utaratibu. Watatu kati ya wakurugenzi walikuwa wamekwisha filisika, hata bodi yenyewe haikuwa na watu wa kutosha. Foss na Turton waliomba wakurugenzi warudishe mali ya kampuni.

Mwezi Machi 1843 jaji James Wigram akatoa hukumu. Wakashindwa. Jaji hakusema kwamba wakurugenzi walikuwa watu wema. Alisema kwamba waliokuja mlangoni si wenye haki ya kubisha hodi. Kama kuna aliyedhulumiwa ni kampuni, basi kampuni yenyewe ndiyo ije kushitaki. Tena yale wanayoyalalamikia yanaweza kuidhinishwa na wenye hisa walio wengi katika mkutano mkuu. Na mkutano huo ungaliweza kuitishwa. Kwa nini basi mahakama ishughulike na jambo ambalo kesho wengi wanaweza kulisamehe?

Wasomi wa sheria huiita kanuni ya Foss na Harbottle. Sitaki tuicheke upesi. Ina hekima yake. Kampuni ikiwa na wenye hisa elfu kumi, na kila mmoja akawa na ruhusa ya kuishitaki bodi kila anapokasirika, fedha za kampuni zitaishia mifukoni mwa mawakili. Mwaka mmoja wa mavuno mabaya ungezaa kesi mia. Na biashara ni kuthubutu: mkurugenzi anayeogopa kushitakiwa kwa kila hasara hatathubutu lolote. Kanuni ya wengi wape inalinda kampuni dhidi ya wakorofi na wenye haraka.

Lakini tazameni ubaya wake. Mahali ambapo wakurugenzi wenyewe ndio wenye hisa nyingi, au ndugu na rafiki zao, kumwambia mdogo aende mkutanoni ni kumwambia mbuzi apeleke malalamiko yake kwenye baraza la fisi. Jaji Wigram mwenyewe aliliona hilo. Alisema, kwa maana na si kwa maneno yake, kwamba ikitokea hali ambayo hakuna njia nyingine ya kurekebisha dhuluma, haki isizuiwe na ugumu wa taratibu. Aliufunga mlango, akauacha bila kufuli. Miaka 130 iliyofuata ni habari za watu waliousukuma.

Wa kwanza nitakayemtaja ni Menier. Ilikuwapo kampuni iliyoundwa ili kutandika waya wa simu za maandishi chini ya bahari, kutoka Ureno mpaka Brazil. Kampuni ya Hooper, ambayo kazi yake ilikuwa kutengeneza waya, ilishika hisa 3,000 kati ya 5,325. Menier alikuwa na 2,000. Hooper akagundua kwamba atapata faida zaidi akiuza waya ule kwa kampuni nyingine. Basi akatumia wingi wa kura zake, kampuni ikaacha kesi iliyokuwa inadai haki yake ya kutandika waya huo, kisha ikavunjwa. Yote yalipita kwa kura halali, mkutanoni, kwa kumbukumbu zilizoandikwa vizuri. Menier akashitaki, na mwaka 1874 mahakama ikamsikiliza. Majaji walisema wenye hisa nyingi hawawezi kutumia kura zao kujigawia mali ya kampuni na kuwaacha wachache mikono mitupu. Hapo sheria ilijibu lile swali letu. Wengi wape uamuzi. Mali ya wote usiwape.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1877, ikaja kesi ya John Pender. Jina hilo lina uhusiano na pwani yetu, maana kampuni ya kundi lake ndiyo iliyotandika waya wa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja mwaka 1879, na kuendelea mpaka Durban. Pender alikuwa tajiri, si mnyonge wa kuonewa huruma. Katiba ya kampuni moja aliyokuwa na hisa ilisema mtu mmoja asipige kura zaidi ya 100, hata awe na hisa nyingi kiasi gani. Pender akazigawa hisa zake kwa watu wake ili kila mmoja apige kura. Mwenyekiti wa mkutano akazikataa kura zile, na azimio la Pender likaanguka. Jaji Jessel akasema mwenyekiti hana mamlaka hayo. Aliyeandikwa katika daftari la wenye hisa ana haki kura yake ihesabiwe, na hakuna wa kumwuliza ana nia gani moyoni.

Tofauti ya kesi hizi mbili ni ya kukumbukwa, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapopotea. Menier alilalamikia dhuluma iliyofanywa juu ya kampuni, na ilimbidi aeleze kwa nini kampuni yenyewe haikuja kushitaki. Pender alilalamikia haki yake mwenyewe, ile ya kura, na hakuhitaji ruhusa ya mtu. Mwenye hisa anapotendewa vibaya swali lake la kwanza liwe hili: aliyepigwa ni mimi, au ni kampuni?

Tuvuke bahari mpaka Kanada. Wanahisa wanne wenye mafungu sawasawa walikuwa na kampuni ya ujenzi mjini Toronto, iliyokuwa ikijenga njia za reli kwa shirika la Canadian Pacific. Watatu wakagombana na wa nne, aitwaye Cook. Ulipofika mkataba mpya, watatu wale wakaujadili kama kawaida, lakini mwishoni wakauchukua kwa majina yao wenyewe. Halafu wakaitisha mkutano, na kwa robo tatu za kura wakapitisha azimio kwamba kampuni haina haki yoyote katika mkataba ule. Cook hakukubali. Shauri likafika London mbele ya Baraza la Faragha la Mfalme, lililokuwa mahakama ya mwisho ya makoloni, ambako baadaye rufani za Afrika Mashariki pia zilipelekwa. Mwaka 1916 Baraza likaamua kwamba mkataba ulikuwa mali ya kampuni, na kwamba wakurugenzi hawawezi kujizawadia mali hiyo kwa kura zao wenyewe. Mtu hawezi kuwa mshitakiwa asubuhi na hakimu jioni.

Hata hivyo mtaona kwamba kesi hizi zote ni za wizi ulio wazi. Ziko dhuluma nyingine zisizovunja kanuni hata moja. Mdogo anaweza kunyimwa gawio mwaka hadi mwaka, huku wakubwa wakijilipa mishahara minono. Anaweza kuachwa na hisa ambazo hakuna wa kuzinunua. Kwa mtu kama huyo dawa ilikuwa moja tu: kuiomba mahakama iivunje kampuni kwa sababu ni haki na ni vyema kufanya hivyo. Dawa hiyo ni sawa na kumchinja ng'ombe kwa sababu mmenyimana maziwa. Kampuni ikivunjwa mali huuzwa kwa bei ya kutupa, na mdogo naye hupata hasara.

Ndipo mwaka 1948 Bunge la Uingereza likaweka dawa mpya. Mwenye hisa anayekandamizwa akapewa ruhusa ya kwenda mahakamani, na mahakama ikapewa uwezo wa kuamuru suluhisho lolote linalofaa bila ya kuiua kampuni. Dawa hiyo ilijulikana nguvu zake mwaka 1958. Shirika kubwa la ushirika la Scotland lilikuwa limeanzisha kampuni ndogo ya nguo mwaka 1946, likiwashirikisha wataalamu wawili, Meyer na Lucas, kwa sababu wakati ule bila wao lisingepata leseni. Shirika lilichukua hisa 4,000, wao 3,900. Leseni zilipokuwa hazihitajiki tena, shirika likaanza kuinyima kampuni ile malighafi na kazi yenyewe kuifanya kiwandani kwake, mpaka kampuni ikanyauka. Wakurugenzi wa upande wa shirika walikaa kimya wakitazama. Baraza la Malodi likasema kukaa kimya huko nako ni ukandamizaji, na likaamuru shirika linunue hisa za Meyer na Lucas kwa paundi 3 na shilingi 15 kila moja, ingawa thamani yake ya kuandikwa ilikuwa paundi moja.

Kesi ya mwisho ni ya mwaka 1972, na nadhani wafanyabiashara wengi wa kwetu watajiona ndani yake. Bwana Ebrahimi na Bwana Nazar walikuwa wabia wakiuza mazulia ya Kiajemi mjini London. Mwaka 1958 wakaigeuza biashara yao kuwa kampuni, nusu kwa nusu. Halafu akaingia mtoto wa Nazar, na kila mzee akampa kijana huyo hisa 100. Hesabu ikawa Ebrahimi 400, Nazar 400, kijana 200. Mwaka 1969 baba na mwana wakaunganisha kura zao 600 na kumwondoa Ebrahimi katika ukurugenzi. Sheria iliwaruhusu. Lakini kampuni ile haikuwa ikitoa gawio. Faida yote ililipwa kama malipo ya wakurugenzi. Kwa hiyo mzee aliyeijenga biashara alibaki na hisa 400 zisizomletea hata senti. Baraza la Malodi likaamuru kampuni ivunjwe. Lodi Wilberforce alieleza kwamba nyuma ya kampuni wapo watu, na kama watu hao walianza kwa kuaminiana na kwa makubaliano kwamba wote watafanya kazi, basi herufi ya sheria isitumike kuuvunja uaminifu huo.

Je, haya yote yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu sheria zetu za makampuni zilitoka huko. Tanganyika ilipata sheria yake ya makampuni mwaka 1932, nayo ilifuata ile ya Uingereza ya mwaka 1929. Tazameni tarehe: ni miaka 16 kabla ya dawa ya 1948. Kwa hiyo Uhuru ulitukuta na sheria ya kale, na tukaendelea nayo mpaka Bunge la Tanzania lilipotunga Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika Machi 2006. Hesabuni wenyewe. Wale walionunua hisa za kwanza sokoni mwaka 1998 walinunua chini ya sheria iliyotungwa wakati wa mkoloni. Wenzetu wa Kenya walikuwa mbele kidogo, kwani sheria yao iliyoanza kutumika mwaka 1962 ilifuata ile ya 1948. Nao wakaibadilisha kwa sheria mpya mwaka 2015.

Sheria ya Tanzania ya 2002 ina vifungu viwili ambavyo kila mwenye hisa avijue kama anavyojua namba ya nyumba yake. Kifungu cha 233 ni kwa ajili ya mtu kama Meyer: kinamruhusu mwenye hisa kulalamika mahakamani kwamba mambo ya kampuni yanaendeshwa kwa namna inayowadhuru isivyo haki wenye hisa wote au baadhi yao. Kifungu cha 234 ni kwa ajili ya mtu kama Foss: kinamruhusu kuomba idhini ya mahakama ili aendeshe kesi kwa jina la kampuni na kwa niaba yake. Asubuhi ataarifu wakurugenzi, jioni hawezi kukimbilia mahakamani; ni lazima awape taarifa kwa muda wa kutosha, na aionyeshe mahakama kwamba ana nia njema na kwamba kesi ni kwa faida ya kampuni. Foss angaliishi leo Dar es Salaam, angalau angalisikilizwa.

Nimepata barua ya mama mmoja, mstaafu. Anasema ana hisa katika kampuni ambayo haijamwita mkutanoni kwa miaka mitatu, wala hajaona gawio wala hesabu. Anauliza kama akate tamaa. Mama, mimi si hakimu wala siijui kampuni yako, lakini nakujibu hivi. Mkutano mkuu si hisani ya wakurugenzi. Sheria inataka uwepo kila mwaka, isipite miezi 15 kati ya mmoja na mwingine, na wenye hisa wapewe taarifa siku 21 kabla. Usipoitishwa, mwenye hisa anaweza kuomba uitishwe kwa amri. Tena wenye hisa walio na angalau sehemu moja ya kumi ya mtaji wenye kura wanaweza kuwalazimisha wakurugenzi waitishe mkutano wa dharura. Wewe peke yako huna sehemu ya kumi. Lakini daftari la wenye hisa ni wazi kwako kulikagua, na ndani yake yamo majina ya wenzako. Anza huko. Kabla ya yote, hakikisha anwani yako iliyo katika daftari ni sahihi. Mialiko mingi hupotea katika masanduku ya posta yaliyokwisha kuhamwa.

Na ukiingia mkutanoni, jua hesabu za kura. Kwa kunyoosha mikono kila aliyepo ana kura moja. Kwa kura za hisa, kila hisa huhesabiwa. Azimio la kawaida hupita kwa zaidi ya nusu, na kwa azimio hilo mkurugenzi anaweza kuondolewa kabla ya muda wake. Azimio maalumu, kama lile la kubadili katiba ya kampuni, huhitaji robo tatu. Kwa hiyo wachache waliozidi robo moja wakishikamana wanaweza kulizuia. Asiyeweza kufika anaweza kumtuma mwakilishi ampigie kura. Fomu ile ya uwakilishi inayokuja na taarifa ya mkutano, ambayo wengi wetu hufungia vitumbua, ina thamani kuliko gawio la mwaka mmoja.

Nimehudhuria mikutano mikuu kadhaa, na nimeona jambo la kusikitisha. Hesabu za kampuni hupita katika dakika kumi, bila swali. Kelele huanza kwenye mgao wa kofia, fulana na chakula cha mchana. Tangu janga la korona la mwaka 2020 makampuni mengi yamehamishia mikutano katika mitandao, na kofia zimepungua; lakini maswali hayakuongezeka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lisilosomwa ni sawa na lisilokuwapo.

Nisieleweke vibaya. Sheria haimlindi mwenye hisa dhidi ya hasara. Biashara ikianguka kwa ukame, kwa ushindani au kwa uamuzi uliofanywa kwa nia njema ukashindwa, hakuna wa kumshitaki. Haimlindi pia dhidi ya kushindwa kura. Wala bei ya hisa kushuka sokoni si ushahidi wa dhuluma. Mwenye hisa asiyekubali hilo heri aweke fedha zake benki. Wengi wana haki ya kuamua kampuni ijenge au iuze, ikope au ingoje. Wasichoweza ni kukaa pamoja na kuamua kwamba cha wote ni chao.

Mpaka huo kati ya uamuzi na mali haukuchorwa na wabunge kwa siku moja. Ulichorwa polepole na watu waliokataa kunyamaza. Foss na Turton walishindwa, na hawakurudishiwa kitu. Lakini kila sheria niliyoitaja leo, kuanzia ya London mpaka ya Dodoma na Nairobi, ni jibu kwa swali waliloliacha mahakamani mwaka 1843. Haki ilikuja taratibu, nayo ni yetu sasa. Haitatusaidia lolote ikikaa katika kitabu cha sheria, na cheti cha hisa kikikaa chini ya godoro.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa.